Yamini ya Waya wa Pampu

Shule niliishia darasa la tatu, kisha nikaenda kubeba magunia bandarini. Gari langu la kwanza nililipata kwa mgongo huu huu, na mtu aliyepata kitu chake kwa njia hiyo hapendi mkono wa mwingine uzunguke ndani yake. Natangulia kusema hivyo ili msomaji asije akanishangaa mbele.

Ilikuwa miaka ya tisini. Gari lenyewe saluni ya Kijapani, kuukuu, ya zile zinazopulizia petroli kwa kompyuta. Kompyuta ikafa, na fundi wangu akanifungia kabureta. Lakini kabureta hutaka petroli ije polepole, na pampu ya asili ndani ya tangi ilisukuma kwa nguvu mpaka petroli ikafurika juu ya injini. Fundi akasema tuiache hiyo, tufunge pampu ndogo ya umeme chini ya gari, na waya wake upite kwenye fyuzi na relei kabla ya kufika kwenye swichi ya funguo.

Nikamuuliza relei ya nini. Akanieleza kuwa swichi ya funguo haistahimili mzigo wa pampu peke yake. Alieleza kwa kirefu, na mimi mtu akinieleza kwa kirefu huanza kumtazama mikono.

Fundi huyu alikuwa Mdigo wa Kwale, mwembamba, mpole, mwenye mke na watoto wanne. Alifanyia kazi kando ya ukuta wa stoo yangu ya magunia, Makadara, kwa ruhusa yangu, mwaka wa nne huo. Wateja wake wote walimjua kwa ukuta ule. Hata hivyo nilimsimamia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na alipoinama kutafuta koleo nikaikwaruza ile pampu mpya kwa msumari, alama ndogo, asije akanibadilishia.

Kazi ikaisha. Ukizungusha funguo, pampu inagonga tak-tak-tak, kisha inatulia, gari linawaka. Likaenda vizuri siku mbili.

Siku ya tatu likanizimikia Mwembe Tayari, katikati ya mabasi ya bara, makondakta wakinicheka. Pampu kimya. Nikashuka, nikalizunguka kwa hasira, nikarudi, nikazungusha funguo: tak-tak-tak. Nikaenda hatua chache, likazima tena.

Nikamwachia fundi gari ajaribu yeye. Akaliendesha mpaka Tononoka na kurudi, halikukohoa hata mara moja. Nikakaa mimi, hata kona ya kwanza hatukuifikia. Ikawa hivyo wiki nzima: mkononi mwake linakwenda, mkononi mwangu linakufa. Nikaingia chini kuitazama alama yangu ya msumari. Ilikuwapo. Nikajiambia, basi ameiona na kuiiga kwenye pampu nyingine.

Alasiri moja nikalitoa jambo barazani, kwa wazee wenzangu wa Mji wa Kale. Nikasema fundi ameniwekea hila ili nisitoke mikononi mwake. Mmoja akasema labda gari limechoka kubeba kitambi changu, wakacheka. Mimi sikucheka. Nikataka fundi ale yamini: aape kwa Msahafu kwamba hakubadilisha kitu wala hakuweka hila. Akikataa, aondoke ukutani kwangu siku hiyo hiyo. Kila mtu pale alijua maana yake. Fundi aliyefukuzwa kwa wizi Makadara hapewi ukuta mwingine kisiwani.

Aliitwa, akaja na gari langu. Hakubisha. Aliomba maji, akatia udhu, akanawa grisi mpaka kwenye viwiko. Msahafu ukatolewa ndani, umefungwa kitambaa cheupe. Akasimama mbele yake, akanigeukia.

"Nitaapa, ami. Lakini nikimaliza mimi, na wewe uape kwamba waya ule hujautia mkono."

Wazee wakaona ni haki. Aliyenicheka akasema, "Apeni wote wawili, tunywe kahawa."

Hapo nikanaswa. Maana nilikuwa nimeutia mkono. Siku ile ile ya kazi, fundi alipokwenda kwao, niliinua kiti cha dereva, nikaukata waya wa pampu uliopita chini ya zulia, nikaunga swichi yangu ya siri. Wezi wa magari walikuwa wengi siku zile, na huyu aliujua kila waya wa gari langu. Waya niliumenya kwa meno, nikausokota, nikauzungushia teipu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Gari lilipozima niliipapasa swichi, nikaikuta imewashwa, nikasema kosa si langu.

Mimi humdanganya mwanadamu nikilazimika. Msahafu siuwezi.

"Urudisheni ndani," nikasema.

Nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango, nikainua kiti mwenyewe mbele ya wote. Fundi akainama. Akabonyeza springi za kiti kwa kiganja, akazielekeza juu ya muungo wangu wa waya. Teipu ilikuwa imechanika, waya umening'inia kwa uzi mmoja. Mtu mwembamba akikaa, springi hazifiki. Nikikaa mimi, zinaukanyaga.

Aliukata muungo wangu, akaunganisha waya kwa lehemu, akazungusha funguo. Tak-tak-tak. Swichi akaniwekea kiganjani mbele ya watu.

Nikamwambia ukuta ni wake, abaki. Kuomba radhi sikuzoea, hiyo ndiyo ilikuwa radhi yangu.

"Ahsante, ami," akasema. "Lakini kwa ajili ya ukuta huo nimeshatia udhu wa mwizi."

Kesho yake akabeba vyombo vyake, akahamia Tononoka, chini ya ukuta wa mtu mwingine. Wazee wenyewe walimwombea nafasi. Wateja wakamfuata, na mimi nikamfuata, kwa sababu fundi mwingine wa kumwamini sikumpata, na nilitafuta. Napanga foleni kama wengine. Zamu yangu ikifika, hafungui boneti kwanza. Hufungua mlango wa dereva, akakipangusa kiti kwa kitambaa.

"Kaa, ami," husema. "Kaa uzito wako wote. Niisikilize pampu."