Niligeuza Pesa za Kuezekea Nyumba Zikawa Operesheni

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Nicheke au nilie, sijui! Nikimkumbuka Mzee Mutua na mshipi wake nacheka peke yangu barabarani, halafu naona haya.

Mimi ni tarishi katika ofisi moja ya mjini. Hapa kwetu Kangemi walinifanya karani wa kamati ya nyumba kwa sababu moja tu: navaa tai. Mtu wa tai anajua Kizungu, ama sivyo? Nami sikuwakatalia. Sifa ni tamu, jamani!

Kamati yetu hutengeneza nyumba za wajane na wazee kwa harambee. Mabati tulikuwa tumeshachangiwa, yamelazwa nyuma ya kanisa. Tulichokosa ni pesa za fundi, misumari na mkokoteni. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mama Kageha, mjane ambaye paa lake la madebe lilivuja mpaka kitandani. Mwalimu mmoja akatuandikia ombi kwa serikali, kisha akahamishwa.

Jibu likaja, na lote Kizungu. Jumapili baada ya ibada nikasimama nalo mbele za watu, nikakohoa kidogo. Nikaliona neno "operating". Ala! Hilo si nalijua? Shemeji yangu alifanyiwa operesheni ya tumbo!

"Serikali imekubali," nikatangaza. "Jumamosi inaleta operesheni ya bure!"

"Lakini si tuliomba misumari?" akauliza Mzee Mutua, mwenyekiti wetu.

"Mzee, serikali inaona mbali. Mtu mgonjwa atapanda paa namna gani?"

Wakapiga makofi na vigelegele! Mama Kageha, mwenye uvimbe shingoni wa miaka mingi, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, paa ingojee. Hii shingo kwanza." Nikawaagiza wote wafunge kula tangu Ijumaa jioni, kama wanavyofanya hospitali.

Ijumaa asubuhi nikampelekea karani wa ofisini kwetu ile barua, nijisifu kidogo. Alisoma, akacheka mpaka akashika meza. "Wewe! "Operating" hapa ni pesa za kuendeshea kazi ya kamati. Afisa anakuja kuona nyumba zinazovuja na kusikia mtamlipa fundi vipi."

Wenzangu, kosa langu liko hapo. Nilikuwa na siku nzima ya kurudi Kangemi na kusema nimekosea! Nikafikiria tai yangu, nikafikiria vile vigelegele, nikanyamaza. Nikajidanganya kwamba afisa ataeleza mwenyewe.

Jumamosi asubuhi afisa akashuka garini na faili kwapani. Lo! Foleni ya wagonjwa ilikuwa imepita lango la kanisa, matumbo yakinguruma, kila mtu na shuka lake na karai. Mzee Mutua alikuwa ametembea mpaka soko la Ngara kununua kaptura mpya ya ndani, asiaibike mbele ya serikali.

"Mwenyekiti ni nani?" afisa akauliza.

"Ni mimi."

"Haya mzee, nionyeshe mahali pabaya zaidi."

Mzee akaanza kufungua mshipi.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Iko hapa chini, daktari. Nikibeba kitu nzito inashuka."

"Mimi nauliza inayovuja!"

"Kuvuja bado. Imefura tu."

Wuui! Nilijificha nyuma ya mlango wa kanisa nikacheka mpaka nikakaa chini. Mungu anisamehe, nilicheka! Afisa naye alicheka, akapangusa macho kwa leso. Halafu akafunga faili. "Kikundi kisichojua kiliomba nini, pesa kitazifanyia nini?" Akapanda gari akaenda zake, na ile ruzuku ikapewa mtaa mwingine.

Watu walinicheka wiki nzima, kisha wakanisamehe. "Kizungu ni kigumu, mwanangu, hukujua," Mama Kageha aliniambia akinimiminia chai, huku mvua ikidondoka kwenye sufuria alizopanga kitandani. Nikanywa ile chai. Nikanyamaza tena!

Siku hizi kila Jumamosi mimi mwenyewe napanda paa lake na nyundo ya kuazima. Dole gumba nimeligonga mara tatu, na upande mmoja bado unavuja. Fundi wa jirani huleta kiti aje anitazame.

Ndugu zangu, neno usilolijua liulize, hata kama una tai mbili! Na ukishajua kwamba umekosea, sema siku ile ile. Kutojua watu husamehe, tena wakicheka. Kujua na kunyamaza ni kitu kingine, nacho mimi sijawahi kukiombea msamaha.

Mama Kageha hajui kusoma. Gazeti hili mimi ndiye humsomea kila Jumapili, na barua hizi za makosa ya watu ndizo anazozipenda kuliko habari zote. Jumapili hii nitaufungua ukurasa huu mbele yake, na sitaruka mstari hata mmoja.