Utani wa mjomba uliofunga midomo nyumbani kwetu Bigwa, na mama mshauri aliyeifungua

Wakuu, kwema?

Juzi kuna mdau kaandika humu kwamba ushauri wa familia ni mambo ya watu walioshiba na kukosa kazi. Sikumjibu, kwa sababu hata mimi niliwahi kusema maneno hayohayo. Leo nimeona bora niwasimulie yaliyotokea nyumbani kwetu. Sitaongeza chumvi. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Ni miaka ya tisini, kipindi mashirika ya umma yanauzwa na mitumba imejaa kila kona ya soko.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuhamahama. Nimepakia vitunguu Dumila, nimeuza mitumba minadani, nimeishi na wachoma mkaa. Haikuwa shida tu iliyonizungusha. Nilipenda kujua watu wengine wanaishije.

Sasa twende kwa wazazi.

Baba ni Mnyamwezi wa Tabora, alikuja Morogoro kufanya kazi kiwandani. Mama ni Mluguru, watu wao wako huko juu milimani. Nyumba yetu ya Bigwa ilijengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Kwa wasiojua, kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama, yaani mjomba.

Halafu Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mjomba akishuka na kabichi zake, kabla hata hajakaa utamsikia: "Shemeji, bado upo tu kwenye ardhi ya dada yangu? Funga virago, mgeni wewe!" Baba anamjibu kwamba Waluguru walikimbilia mlimani kwa kuogopa vita. Wanacheka mpaka machozi. Nimekua nasikia hayo.

Kiwanda kikauzwa. Majina ya wanaopunguzwa yakabandikwa getini, na la baba lilikuwemo.

Mimi wakati huo nilikuwa Dumila. Niliporudi baada ya kama miaka miwili, nikakuta nyumba imepoa.

Siku ya kwanza tu mama akaniambia, "Simoni, mwambie baba yako ugali uko tayari."

Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo. Nikadhani mama anatania. Kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Mwambie mama yako nimesikia."

Wakuu, nikapewa ajira bila kuomba. Kazi yangu ikawa kusafirisha maneno ndani ya chumba kimoja. Kabla yangu kazi hiyo walifanya wadogo zangu wawili, ambao walikuwa bado shule ya msingi.

Mjomba naye akija, baba anatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku moja nikiwa na mama tunachagua mbegu za maharage, akaniambia taratibu, "Haya nikishayavuna huko juu, sishuki tena. Nitakaa kwa kaka na wadogo zako. Baba yako abaki na ukimya wake."

Mama yangu si mtu wa kutishia. Nikahesabu: maharage yana miezi mitatu hivi. Baada ya hapo hatuna familia.

Wiki hiyohiyo nikapata kibarua cha kupaka chokaa chumba kimoja cha parokia. Ndani kulikuwa na viti sita vimepangwa duara. Meza hakuna. Mimi na udadisi wangu, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anavisogeza.

"Shikamoo mama. Viti hivi ni vya kwaya?"

"Marahaba. Ni vya watu wanaoishi nyumba moja na hawaongei."

"Mbona hamna meza?"

"Wenye hasira huigonga, wenye aibu hujificha nyuma yake."

Nikaweka brashi chini.

Alikuwa mstaafu wa ustawi wa jamii, nimwite Mama Tekla. Alikuwa akikutana na familia pale kila Alhamisi, Wakristo kwa Waislamu.

Kuwapeleka wazazi haikuwa rahisi, na hapa naomba mnisamehe. Nilimwambia mama kwamba baba ameshakubali. Nikamwambia baba kwamba mama ameshakubali. Mjumbe nilikuwa mimi peke yangu, nani angehakikisha?

Session ya kwanza ilikuwa kazi bure kabisa. Baba aliangalia viatu, mama aliangalia dirisha. Kila mmoja alisema hana neno. Mwishoni Mama Tekla akauliza swali moja tu.

"Kuna mtu hayupo hapa ambaye angekuwepo mngekaa tofauti?"

Mama akasema, "Kaka yangu." Baba akavuta kiti nyuma kidogo.

Mama Tekla aliona kile kiti. Mimi pia nilikiona, lakini yeye alijua maana yake. Akasema Alhamisi ijayo mjomba aje.

Mjomba akaja na jogoo.

Msicheke. Yeye alijua vikao vya ukoo tu. Kwenye kikao cha ukoo kuna anayeshinda na kuna anayepigwa faini, basi akaja amejiandaa kwa lolote.

"Jogoo wa nini, baba?" Mama Tekla akamuuliza.

"Nikionekana mkosaji nilipe papo hapo. Sipendi kurudishwa rudishwa."

"Hapa hapatoki mkosaji. Jogoo wako atarudi mlimani."

"Sasa tumekuja kufanya nini?"

"Kusikiliza."

Akatoa sharti. Mtu akisema jambo, mwenzake haruhusiwi kujibu mpaka kwanza alirudie kwa maneno yake, na aliyesema akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Nikaona mchezo wa watoto. Jaribuni nyumbani muone kazi yake.

Akamwomba baba aseme tangu lini hajacheka na shemeji yake. Baba akasema, akimwangalia Mama Tekla:

"Siku jina langu lilipobandikwa getini, nilirudi nikamkuta shemeji sebuleni. Akaniambia, bado upo kwenye ardhi ya dada yangu? Funga virago. Na mke wangu akacheka."

Mjomba akaruka. "Lakini huo ni utani wetu wa siku zote!"

"Rudia kwanza alichosema," Mama Tekla akamzuia, bila kupandisha sauti.

Mjomba alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alijitetea. Mara ya pili alimlaumu baba kwa kukaa na kinyongo. Ya tatu ikatoka polepole.

"Unasema... siku ile hukuwa na kazi, na mimi nikakuambia huna na pa kukaa."

"Ndivyo," baba akasema.

"Sasa kwa nini hukuniambia, shemeji?"

"Mtani hakasiriki. Ningekuambiaje?"

Wakuu, miaka miwili yote ilikuwa hapo. Mila inasema mtani hanuni, kwa hiyo baba hakuwa na mlango wa kulalamika. Akanyamaza. Na mama, ambaye siku ile alikuwa hajui hata kama majina yamebandikwa, alikuwa akihesabu ukimya ule kuwa dharau.

Msidhani mama alilainika. Zamu yake ilipofika alisema, "Kwa hiyo kicheko kimoja ndicho kimenifanya niishi kama mpangaji? Wanangu umewageuza barua!"

Baba ilibidi arudie hayo yote, kwa sauti yake, mbele ya mjomba. Alipofika kwenye "wanangu umewageuza barua" akashindwa kumaliza. Mama Tekla hakumharakisha. Akamwacha tu, mpaka akamaliza.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia yule mama. Nimewaona mafundi wengi kwenye kuzunguka kwangu, lakini wanaojua wakati wa kutogusa kitu ni wachache. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote afanye nini.

Tulikwenda Alhamisi nyingine nne au tano, sikumbuki vizuri.

Maharage yakakomaa. Asubuhi mama alikuwa anafunga mzigo wake wa kupanda mlimani, na hakuwa ametamka lolote kuhusu kurudi. Baba akatoka ndani amevaa buti zake za kiwandani.

"Mama Simoni, shamba lenyewe ni kubwa?"

Mama akaendelea kufunga kamba. Nikakaribia kufungua mdomo nimjibie, mazoea mabaya haya. Nikajizuia.

"Kubwa," mama akasema. "Na wewe hujui kung'oa maharage, utayapasua."

"Utanionyesha."

Walikaa huko siku nne. Ya tano wakashuka wote wawili, magunia mawili, wanabishana njia nzima nani alichelewesha safari. Nilikuwa nimekaa barazani, hakuna aliyenituma chochote.

Nilichojifunza: mila zetu zinatusaidia kuishi, lakini kila mila ina kona ambayo mtu anaweza kuumia na asiwe na ruhusa ya kusema. Kumpata mtu wa pembeni anayejua kusikiliza si uzungu wala si aibu. Wazee wetu pia walikuwa na wasuluhishi. Huyu alikuwa na ufundi wa ziada tu.

Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge. Na kama kwenu kuna watu wanatumiana salamu kupitia mtoto, tuambie imefikia wapi. Nipo hapa nasoma.