Nani Aliwalea Watoto?

Jumamosi iliyopita, katika maktaba moja ya mji wa Arlington, Marekani, mzee aliyebuni mmojawapo wa michezo ya kwanza ya video alitusimulia maisha yake. Kila jioni alijifungia kwenye karakana yake akiunga nyaya, mpaka nukta moja ikaruka kwenye televisheni. Mume wangu alimsikiliza kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Nyumbani naye hucheza michezo hiyo tangu atoke kazini, na mtoto wetu akilia hasikii.

Jirani yangu, mwanamke wa Mombasa aliyekaa kando yangu, akanigusa kwa kiwiko. "Shoga, nyanyua mkono. Ukinyamaza utalea peke yako mpaka uzeeke."

"Uliza wewe."

"Kwani mume ni wangu?"

Nikanyanyua mkono, mtoto kanilalia begani, nikauliza: "Jioni zote hizo, watoto wako walilelewa na nani?"

Mzee alijikuna kidevu, akamwonyesha mkewe kwenye safu ya mbele. "Muulize yeye."

"Walilelewa na mimi," alisema yule bibi. "Peke yangu."

Watu wakacheka. Mimi nilishukuru, nikidhani mume wangu amesikia. Kwenye basi la kurudi akanigeukia, uso unang'aa. "Umeona? Hata mtu mkubwa kama yule alimwachia mkewe watoto!"

Wasomaji wenzangu, ningejibu nini? Nilimpakatisha mume wangu mtoto, nikaenda kukaa mbele karibu na dereva. Mtoto alipoamka na kuanza kulia, basi zima lilimtazama baba yake.