Mama Mkwe Makumbushoni

Makumbusho yale madogo ya Mpanda ni chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha la nondo. Niliingia kupoteza muda tu. Nilikuwa nimetoka Tabora kumfuata mke wangu, aliyekwenda kwao Shanwe, hapa hapa Mpanda, kumuuguza mama yake. Mama akapona, yeye hakurudi, na simu akawa hapokei. Kila nilipomuuliza kaka yake niende lini nyumbani kwao, alinijibu, "Tulia kwanza shemeji, wazee wanakaa kikao." Wakae mpaka lini? Nilikuwa nimechoka kulala gesti na kutazama dari.

Nilikuwa pembeni kabisa, nasoma maelezo ya mzinga wa nyuki uliotengenezwa kwa gome la mti, niliposikia mlinzi akisema pale nje, "Karibu mama, ingia tu." Nikageuka. Alikuwa mama mkwe.

Nilipigwa na butwaa. Kwetu Unyamwezini, na kwa Wakonongo, kabila la mke wangu, vilevile, mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawaongei, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Sasa mimi niache njia niende wapi? Yeye alikuwa kati yangu na mlango. Nikaugeukia mzinga, nikainamisha kichwa, nikamwomba Mungu amtoe haraka. Mtu mzima na ndevu zangu, nimejibanza kama mwizi wa kuku!

Hakutoka. Nilisikia kandambili zake zikisogea mpaka kwenye kinu cha zamani kilichowekwa katikati ya chumba, zikasimama.

"We kinu," akasema. "Nimesikia kuna mtu wa Tabora kaingia humu, ndo maana nimekuja. Nyumbani siwezi kusema, wanangu wa kiume wamejaa."

Nikaelewa. Mama mkwe haongei na mkwe wake, lakini akibanwa anaweza kuongea na kitu, mwenye masikio akasikia. Mke wangu alipenda kunisimulia mambo hayo, tukicheka.

"We kinu, hao wanaomwambia asubiri wanamdanganya. Hakuna kikao. Wanaona aibu kumwambia, maana wanampenda. Hata mie nampenda."

Kumjibu ni mwiko, na kunyamaza nako kulinichoma. Nikaweka mkono juu ya mzinga.

"Mzinga," nikasema, "niulizie. Nimekosea nini? Niambiwe, nijirekebishe."

Nje mlinzi alikuwa anacheka kwenye simu.

"Kinu, mwambie hajakosea kitu. Binti yangu nimemuuliza mpaka nimechoka. Anasema kule aliishi vizuri tu. Ila hataki tena."

Ningepokea tusi. Ningepokea kosa lolote, hata la kusingiziwa, maana kosa unaliombea msamaha. Hili ningelifanyaje?

"Mzinga, muulize, je, nikimsubiri?"

"Kinu, binti yangu kaomba kitu kimoja tu," akasema mama mkwe, na sasa alikuwa analia. "Asifuatwe."

Kisha akageukia ukuta, akajifunika uso kwa khanga ili nipite. Njia ilikuwa wazi. Sikupita; nikabaki nimeushika ule mzinga, nikitafuta kitu kingine cha kuuliza.