Kidole cha Pete

Mimi na mume wangu tulisimamia harusi ya vijana wale wawili. Kwetu, msimamizi hamalizi kazi yake siku ya harusi. Wenye ndoa wakikosana, ni yeye huitwa kwanza, kabla ya wazazi, kabla ya pasta, na polisi hata hawatajwi.

Kabla ya harusi niliwafundisha Jumamosi sita sebuleni kwangu Gatongora. Wakati huo nilikuwa nikisomea cheti cha teolojia jioni huko Thika, na ulimi uliniwasha. Niliwaambia Wagiriki wa kale waliona upendo kama ngazi: unaanza kwa kupenda mwili mmoja, unapanda ukapenda roho, hadi unaufikia uzuri wenyewe, ule usiooza. Wakristo wakaigeuza ngazi. Kwao Mungu ndiye aliyeshuka, akampenda mtu akiwa bado matopeni, hana lolote la kupendeza. Bibi harusi aliandika kila neno. Kisha akaniuliza, "Na mimi nikipenda hivyo, nitashuka mpaka wapi?"

Nikamjibu kwa madaha kwamba upendo wa namna hiyo hauna mwisho. Jibu hilo nalichukia mpaka leo.

Miezi minane baada ya harusi alinipigia simu Jumapili, tukitoka kanisani. Tulikimbilia kwao Mwiki. Kioo cha kabati kilikuwa kimesambaa sakafuni, ugali umeganda ukutani, naye ameketi na mdomo uliopasuka, damu ikidondokea leso. Mumewe alikuwa amechomekea shati vizuri.

"Ni mambo kidogo tu, mama," akaniambia. "Ni shetani aliingilia."

Nilipaswa kumtoa msichana yule pale pale. Badala yake nilifanya vile tunavyofanya siku zote. Niliwaketisha pamoja, nikawaambia washikane mikono, tena washikane kabisa, nikafumba macho. Niliomba kwa muda mrefu, nikijisikia. Niliomba msichana ashuke kama Kristo alivyoshuka, asamehe. Nilimsikia akigumia, nikadhani ameguswa na Roho.

Nilipofumbua macho, mumewe alikuwa bado anaufinya ule mkono, mishipa imemtoka hadi kwenye kiwiko. Kidole cha pete cha msichana kilikuwa kimelala upande. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, akingoja niseme amina ndipo mkono wake uachiliwe.

Sikusema amina. Nilichukua sufuria ya ugali nikampiga yule mwanamume usoni, nikampiga tena, na sitadanganya, nilisikia utamu. Nyusi yake ilipasuka. Aliponirukia, mume wangu alimkaba koo akambana ukutani hadi mimi na msichana tukatoka nje. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo haikuwa kwa yule mwanamume.

Hospitalini kidole kilikuwa kimevimba hivi kwamba pete ilibidi ikatwe. Daktari, kijana mpole, aliuliza akiandika, "Kidole hiki kilivunjika saa ngapi?"

"Alianza kukikunja asubuhi," msichana akasema polepole, kwa sababu ya mdomo. "Lakini kuvunjika, nilisikia kikivunjika saa ile mama alikuwa anatuombea."

Daktari akaacha kuandika. Akauliza mama ni nani.

Nikainua mkono.