Siku Kifungo cha Ndugu Yangu Kilipopata Hesabu

Ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na sita alipomuua kijana wa jirani. Waligombana uwanjani baada ya mpira, akaokota jiwe. Kwa sababu ya umri wake hakuhukumiwa kunyongwa. Jaji alisema akae gerezani mpaka serikali iamue vingine. Mama akamuuliza wakili hiyo ni miaka mingapi.

"Mama, hiyo haina hesabu," wakili akamjibu.

Mwaka wa tano wa kifungo mama alifariki, nami nikaenda Doha kusafisha vyumba katika hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Tulilala wanawake sita chumba kimoja, Wakenya na Waganda. Waliponiuliza habari za nyumbani nilisema mama alinizaa peke yangu. Ijumaa, kanisani Mesaimeer, wenzangu walitaja ndugu zao waombewe. Mimi niliinamisha kichwa tu. Miaka saba nilikula nao sinia moja, na hakuna aliyenijua.

Ndipo afisa wa probesheni akanipigia kutoka Kenya. Mahakama ilikuwa inaangalia upya vifungo vya waliofungwa wakiwa watoto.

"Akitoka atapokelewa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe uko Qatar, dada."

Mjomba wetu alikubali kumpa chumba. Lakini afisa alihitaji pia maoni ya mama wa marehemu, na yule mama alikuwa amemfungia mlango.

Hakuna aliyenituma. Ijumaa moja, baada ya ibada, nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikampigia yule mama, kwa namba niliyopewa na mjomba. Nilimwambia mimi ni nani.

"Wewe ndiye ulikuwa unamsuka binti yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii hakuna mtu wa kwenu aliyekanyaga kwangu. Mama yako alikuwa akiniona sokoni anageuka."

"Alikuwa anaona aibu."

"Mimi nilijua ni kiburi." Akavuta pumzi. "Sitasema aachiliwe. Sitasema abaki. Afisa akija nitamwambia hivyo hivyo."

Nilimwomba msamaha. Hakukata simu mpaka mimi nilipoaga.

Jaji alimpa miaka ishirini kuanzia siku aliyokamatwa. Ukiondoa miaka kumi na miwili aliyokwisha kukaa, na theluthi inayosamehewa kwa tabia njema, ulibaki mwaka na miezi michache. Mjomba aliponipa habari nilikuwa kwenye korido, nasukuma toroli la mashuka. Nilitaka kupiga kigelegele. Lakini ningempigia nani, mtu asiye na ndugu? Nikaingia chumba kilichofuata, nikatandika kitanda.

Jioni nilimweleza habari za ndugu yangu Mganda tuliyepakana naye vitanda.

"Miaka saba," akasema. "Kumbe nimekuwa nikilala karibu na mgeni."

Alinigeuzia mgongo. Wiki nzima hakuniita jina, na sikumlaumu.

Ndugu yangu alipotoka mkataba wangu ulikuwa bado haujaisha, na ruhusa ya kusafiri nilinyimwa. Alinipigia kwa simu ya mjomba. Sauti niliyoikumbuka ilikuwa ya yule mtoto wa kabla ya gereza. Hii ilikuwa nzito, nikamuuliza mara mbili kama ni yeye.

"Ni mimi, dada. Mlango wa hapa unafungwa kwa ndani," akasema. "Jana nililala ukiwa wazi. Nilikuwa nangoja mtu aje aufunge."

Nilimwambia ainuke aende akaufunge mwenyewe, nami nikamsubiri kwenye simu.