Dirisha la Mama Mkwe

Jamani, hili nimewaficha muda mrefu, na hata leo wakilitaja kule Maneromango sijui uso niuweke wapi. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa, tunaishi Picha ya Ndege, Kibaha, na mama mkwe, kwake kule Maneromango, anasumbuliwa na kifua kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha. Nyumba yenyewe ya miti na udongo. Mke wangu akasema tutafute fundi, nami (kujitia mwanaume) nikasema, "Dirisha moja tu, fundi wa nini?" nikabeba fremu kutoka Kibaha mpaka ukweni.

Sasa mnajua mambo ya ukwe. Chumbani kwa mama mkwe siingii, hata kuchungulia ni mwiko, na yeye mwenyewe tulikuwa tunaamkiana pale mlangoni kila mmoja anaangalia pembeni, kisha mimi huyo, natokomea. Kwa hiyo nikapima kwa nje, nikaparua udongo kwa nje, nikakata fito, nikafika kwenye nguzo, nikakata mbili bila kuegemeza hata kijiti, huku napiga mluzi, nikiamini mama yuko jikoni. Ukuta ukaanza kucheza. Nikadhani ni upepo (upepo gani wa kutikisa nyumba, mimi sijui), nikaongeza panga moja, ukuta mzima ukanijia, nikaruka kando, vumbi likatanda.

Lilipotulia, mama mkwe huyo hapo, amepiga magoti kitandani na kanga moja, mikono yote miwili mbele kama anayesukuma gari. Kumbe alikuwa ameushikilia ukuta muda wote usimwangukie. Na nyuma yangu, barabarani, akina mama wa kwaya wanatoka mazoezini, wamesimama wote wanatazama.

Panga mkononi, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu. "Niliona fito zinacheza, nikaona haya kukuita. Nikasema mkwe atasema mama huyu ana kelele."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na wale wa kwaya wakampokea kwa vicheko.

Fundi aliitwa, dirisha likawekwa, na wiki ile nzima mimi nikawa mkandaji wake wa udongo. Mama akawa anakaa uani na sisi, ananitania, ananihadithia utoto wa mke wangu, tunakula pamoja. Alifariki mwaka jana, na ninamkumbuka sana. Kukata ukuta wa mtu nimeapa sirudii. Ila nikiifikiria ile miaka mitatu ya kumwamkia mlangoni na kukimbia, najuta kwamba sikuubomoa mapema.